Hatua Kwanza, Tarumbeta Baadaye: Ushauri kwa Walimu wa Bendi za Shule

Mwalimu anayekabidhiwa bendi ya shule huku kwetu, awe Ngorongo, Kibiti mjini au kwenye kijiji cha delta ya Rufiji kinachofikiwa kwa mashua, mara nyingi hukabidhiwa vitu vitatu: ngoma mbili tatu, mfuko wa filimbi za plastiki na tarehe. Tarehe ndiyo inayomkosesha usingizi. Mwenge unapita wilayani, au mahafali ya darasa la saba yamekaribia, au mgeni rasmi anakuja kufungua madarasa, na mwalimu mkuu anataka gwaride lenye muziki. Kinachofuata tunakijua. Watoto wanagawiwa ala siku ya kwanza, kila mmoja anapuliza na kupiga anavyoweza, na baada ya wiki mbili bendi ina wimbo mmoja unaoanza kwa mwendo wa kutembea na kumalizika kwa mwendo wa kukimbia.

Napendekeza njia nyingine. Wimbo wa gwaride, hasa ule wa mtindo wa Kiingereza ambao majeshi, polisi na shule zetu ziliurithi, ni muziki wa miguu. Mtoto anayeweza kuutembea na kuuimba ataweza kuupuliza. Asiyeweza kuutembea, tarumbeta halitamsaidia. Kwa hiyo anza na hatua, ifuate sauti ya mtoto mwenyewe, kisha ngoma, na ala za kupuliza ziwe za mwisho. Mpangilio huu unaonekana kuchelewesha kazi, lakini ndio unaookoa muda, kwa sababu kosa la mwendo likishaingia kwenye vidole na midomo ya watoto ishirini, kulitoa ni kazi kubwa kuliko kufundisha upya.

Muziki huu una historia pwani

Kabla ya kuingia kwenye mazoezi, waeleze watoto wanacheza nini. Katika miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa walisikia bendi za jeshi na za misheni, wakachukua ngoma kubwa, matarumbeta, sare na vyeo, wakaunda ngoma mpya iliyoitwa beni. Mombasa kulikuwa na vikundi vya Kingi na Scotchi. Tanganyika yakaenea majina ya Marini na Arinoti. Vita ya Kwanza ya Dunia, ile iliyofika hadi kwenye delta hii ambako manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa Julai 1915, iliwabeba askari na wapagazi kila upande, nao wakabeba beni hadi bara. Kandokando ya Ziwa Nyasa, ambako matarumbeta ya shaba yalikuwa adimu, watu walitengeneza ya vibuyu wakayafunga utando mwembamba ili yatoe mvumo. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia safari hiyo yote katika kitabu alichokitoa mwaka 1975.

Historia hii ina faida mbili kwa mwalimu. Ya kwanza, mtoto wa Rufiji anajua kwamba hachezi kitu cha kuazima ambacho hakimhusu. Ya pili, mwalimu asiye na ala za kutosha anakumbushwa kwamba waliotangulia hawakusubiri mizigo kutoka Ulaya. Walianza na walichokuwa nacho, wakatunza nidhamu ya hatua.

Kuchagua wimbo

Wimbo wa gwaride wa Kiingereza una umbo linalojirudia, na umbo hilo likieleweka nusu ya kazi imekwisha. Kuna utangulizi mfupi. Inafuata sehemu ya kwanza, mara nyingi ya vipimo 16, nayo hurudiwa. Inakuja sehemu ya pili, ambamo mara nyingi besi hupewa nafasi ya kusema. Halafu inakuja trio, sehemu tulivu yenye wimbo wa kuimbika, inayohamia ufunguo mwingine. Nyimbo nyingi kisha hurudi mwanzo.

Mtunzi ambaye mwalimu anapaswa kumfahamu ni Frederick Joseph Ricketts, Mwingereza aliyezaliwa 1881 na kufariki 1945, kiongozi wa bendi za jeshi aliyetoa tungo zake kwa jina la Kenneth Alford. Wimbo wake Colonel Bogey, wa mwaka 1914, ulienea duniani kote, na ukapata umaarufu mpya kwa filamu ya mwaka 1957 kuhusu daraja la mto Kwai, ambamo wafungwa wa vita wanaupiga kwa mluzi. Unafaa kusomwa na kila mwalimu wa bendi kwa sababu unaanza na hatua ya sauti ambayo watoto huitumia wenyewe wanapoitana uwanjani, yaani so ikishuka hadi mi. Tungo za Gustav Holst kwa bendi ya upepo, kama ile Suite ya kwanza ya mwaka 1909 inayomalizika kwa gwaride, ni nzuri mno, lakini ziachie bendi yenye ala kamili na wapigaji waliokomaa. Mwalimu azisikilize ili sikio lake lijue kilele kiko wapi.

Kwa bendi ya filimbi na ngoma, usichukue utunzi mzima. Chukua sehemu ya kwanza na trio. Bendi inayocheza vipimo 32 kwa usafi inaheshimika kuliko inayojikokota kwenye vipimo 120. Angalia pia filimbi zenu. Filimbi ya matundu sita hutoa ngazi moja kwa urahisi. Trio ikihamia kwenye fa, fa ya zamani inakuwa do mpya, na ti ya zamani inapaswa kushuka nusu sauti. Noti hiyo moja hupatikana kwa kufunika matundu kwa mpangilio mwingine, nayo ndiyo itakayowasumbua watoto. Itafutie vidole vyake wewe mwenyewe kwanza, kisha uifundishe peke yake kwa siku kadhaa kabla ya kuiingiza kwenye wimbo.

Hatua

Wanajeshi wetu katika sherehe za Uhuru hupita mbele ya jukwaa kwa mwendo wa pole na kwa mwendo wa haraka. Mwendo wa haraka wa mtindo wa Kiingereza ni takriban hatua 120 kwa dakika, na ule wa pole ni kama nusu yake. Hizo ni hatua za mtu mzima mwenye buti, kwenye uwanja mgumu. Mtoto wa darasa la tano ana mguu mfupi, na viwanja vyetu vingi ni mchanga unaomeza hatua, au udongo wa bonde unaonata baada ya mvua. Shuka hadi hatua 108 au 112. Huhitaji kifaa maalumu kupima. Tazama saa, na ukihesabu hatua 28 ndani ya sekunde 15, umepata 112. Mwenye simu anaweza kuweka programu ya kupima mapigo bila malipo, lakini aitumie kukagua tu, asiwafundishe watoto kuitegemea.

Watoto wetu tayari wana mchakamchaka. Ni hazina, kwa sababu wamezoea kuimba huku miguu inakwenda pamoja. Lakini mchakamchaka ni mbio, na mwili wa mtoto ukisikia wimbo wa pamoja asubuhi unataka kukimbia. Tenganisha mambo haya mawili waziwazi. Mchakamchaka ukiisha, wasimame, wapumue, mguu sawa, halafu waanze kutembea kwa kuhesabu kwa sauti: kushoto, kulia. Mguu wa kushoto hukanyaga kwenye pigo la kwanza la kila kipimo, siku zote, bila ubaguzi. Kanuni hiyo moja ikishika, bendi nzima inajua ilipo hata mmoja akipotea.

Kisha wape zoezi la kimya. Watembee hatua nane wakihesabu kwa sauti, na nane nyingine wakihesabu moyoni, halafu warudi kwenye sauti. Mwanzoni watarudi kila mtu na wakati wake. Endelea hadi warudi kama mtu mmoja. Ndani ya hatua hizo nane za kimya ndimo bendi inamozaliwa, kwa kuwa mtoto anajifunza kubeba mwendo ndani yake badala ya kumfuata jirani.

Sauti

Wakishatembea, waimbe. Solfa ambayo wanakwaya wa makanisani na shuleni wanaijua inatosha kabisa. Andika sehemu ya kwanza ubaoni kwa solfa, waiimbe wamekaa, kisha wamesimama, kisha wakipiga hatua mahali walipo, na mwisho wakitembea. Anayepuliza filimbi aimbe sauti ya kwanza. Atakayepiga tarumbeta au besi aimbe sauti yake. Hata wapiga ngoma waimbe, tena wao hasa, kwa sababu mpiga ngoma asiyejua wimbo hajui lini apunguze.

Katika kuimba huku ndipo unapofundisha kitu kinachoutofautisha mtindo wa Kiingereza na kelele za kawaida, nacho ni urefu wa noti. Noti fupi ziwe fupi kweli, zikatwe kwa ulimi, na kati yake pabaki upenyo wa hewa. Noti ndefu zishikwe hadi mwisho wa thamani yake, zisife njiani. Waimbishe kwa silabi: “ta” kwa noti fupi na “taaa” kwa ndefu. Muziki unaotembea unatokana na upenyo huo kati ya noti. Noti zikigandana, wimbo unakuwa mzito na miguu nayo inakuwa mizito.

Fundisha pia pumzi. Chagua mahali pa kuvuta pumzi, kwa kawaida mwisho wa kila vipimo vinne, na uweke alama ubaoni. Mtoto anayepumua popote atakata wimbo popote.

Ngoma

Hapa pwani hatuna upungufu wa wapiga ngoma. Watoto wameona mdundiko ukipita mitaani na wana mikono yenye kipaji, na kwa sababu hiyo ngoma ndiyo inayohitaji ulinzi mkubwa zaidi. Kipaji kinataka kujaza kila nafasi, ilhali gwaride linataka nafasi zibaki wazi. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Kwenye bendi ya shule kinachopasuka kwanza ni wimbo, kwa kuwa filimbi kumi na mbili za plastiki haziwezi kushindana na ngoma tano zinazopigwa kwa nguvu zote.

Ngoma kubwa iwe moja tu, ipewe mtoto mwenye moyo mtulivu, si lazima mwenye nguvu. Kazi yake ni kulinda mguu wa kushoto. Ngoma ndogo ziwe mbili hadi nne, zipige mapigo mepesi na mafupi yanayofanana, mikwiro ikiinuliwa kwa kimo kimoja. Matoazi yaguse tu kwenye vilele, na yasiruhusiwe kupigwa kila kipimo.

Wafikirie akina mama wawili wanaotwanga mpunga kwenye kinu kimoja. Mchi mmoja unashuka wakati mwingine unapanda, na hakuna anayeharakisha, kwa kuwa akiharakisha michi itagongana. Hivyo ndivyo ngoma kubwa inavyopokezana na ala za sauti ya kati: kubwa inakanyaga pigo, na zile zinajibu katikati ya mapigo. Kama una matarumbeta mawili ya ziada au tromboni, wape wapigaji wake kazi hiyo ya kujibu. Inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayomfanya msikilizaji atake kutembea.

Kubalianeni pia namna ya kuanza na kumaliza. Njia iliyozoeleka kwenye bendi za Kiingereza ni ngoma ndogo kuvumisha kwa hatua tatu, mara mbili mfululizo, kisha wimbo unaingia kwa mguu wa kushoto. Kumaliza, ngoma kubwa itoe mapigo mawili ya haraka ya kuonya kabla ya kipimo cha mwisho. Fanyeni mazoezi ya kuanza na kumaliza peke yake, bila wimbo wa katikati, kila siku. Mgeni rasmi atasahau yaliyo katikati, lakini bendi iliyosimama kwa pigo moja ataikumbuka.

Ala za kupuliza na hali yetu ya hewa

Joto hupandisha sauti ya ala za kupuliza. Bendi iliyopatanisha sauti ndani ya darasa saa moja asubuhi itakuwa imepanda ikifika saa sita juani, na si ala zote hupanda sawa. Matarumbeta yana bomba la kurekebishia sauti: livute nje kidogo, sauti itashuka. Filimbi ya plastiki haina njia hiyo, kwa hiyo ala za shaba ndizo zifuate filimbi. Siku ya shughuli, waweke watoto na ala zao kivulini hadi dakika za mwisho, kisha sikilizeni do moja kwa pamoja kabla ya kuingia uwanjani.

Ngoma za ngozi hulegea kwa unyevu wa mto. Wazee wetu huzikanza kwa moto wa makuti, nanyi fanyeni hivyo, kwa umbali wa kutosha ili ngozi isikauke ikachanika. Hewa ya chumvi karibu na bahari hula vyuma. Futeni matarumbeta kwa kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi, mwage maji yaliyomo, na mtie vali mafuta yake maalumu, kwa sababu mafuta ya kupikia hugandisha. Sehemu ya kuwekea mdomo ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kupokezana. Mzazi akiona mnalinda afya ya mwanawe, atamruhusu aje na kesho.

Kalenda ya Rufiji

Ratiba nzuri ni ile inayoheshimu maisha ya watoto. Wengi wanakwenda madrasa alasiri, kwa hiyo zungumza na walimu wa madrasa kabla hujapanga, na wala usimlazimishe mtoto kuchagua. Mwezi wa Ramadhani, kupuliza filimbi juani ukiwa umefunga ni mateso. Geuza mwezi huo uwe wa kujifunza umbo la wimbo, solfa ya sauti ya chini na midundo ya ngoma kwa mikono juu ya meza. Msimu wa mpunga, watoto huhamia na wazazi kwenye madungu shambani kuamia ndege. Masika, maji ya mto hukata njia. Ukipanga shughuli kubwa baada ya misimu hiyo bila kuacha nafasi ya kutosha, utakuwa na bendi ya karatasi tu.

Wiki nane zinatosha kwa wimbo mmoja, kwa vipindi vitatu vya dakika 45 kila wiki. Wiki mbili za kwanza ni hatua na kuimba, hakuna ala. Ya tatu ni ngoma chini ya waimbaji. Ya nne na ya tano ni filimbi na matarumbeta kwenye sehemu ya kwanza, watoto wamesimama. Ya sita ni trio. Ya saba wanatembea wakipuliza, hatua fupi, macho mbele. Ya nane mazoezi yahamie kwenye ardhi ileile ya shughuli, pamoja na kona zake, kwa sababu kona huvuruga bendi kuliko kitu chochote: wa ndani wafupishe hatua na wa nje warefushe, mapigo yasibadilike.

Katika wiki zote hizo, kagua mwendo. Pima hatua mwanzo wa wimbo na upime tena mwisho. Mlianza na 28 kwa sekunde 15 mkamaliza na 32, mnakimbia. Tiba yake ni kurudi kwenye zoezi la kimya, si kumgombeza mpiga ngoma.

Kuupa wimbo umbo

Bendi ikishashika mwendo, fundisha kupanda na kushuka kwa nguvu. Mtindo wa Kiingereza hupenda utulivu kuliko kishindo. Sehemu ya kwanza ikirudiwa, mara ya kwanza ichezwe kwa sauti ya wastani, mara ya pili kwa nguvu. Trio ianze chini kabisa, ngoma ndogo zikipigwa ukingoni au zikinyamaza, matoazi yakiwa kimya, filimbi ziimbe. Hapo hadhira itageuza vichwa. Hakikisha kwamba kucheza chini hakuleti kucheza polepole. Watoto huchanganya mambo haya mawili, na njia ya kuwatenganishia ni kuwafanya watembee wakiimba trio kwa kunong’ona bila kupunguza hatua.

Mwaka wa pili, tungeni trio yenu

Bendi ikimaliza mwaka wa kwanza ikiwa na wimbo mmoja safi, mwaka wa pili ifanye walichofanya watu wa beni, iweke sauti yake ndani ya umbo lililopokewa. Si nyimbo zote za gwaride zinazogawa hatua kwa mbili. Zipo zenye mapigo sita katika kipimo, ambamo kila hatua hubeba mapigo madogo matatu, na ngoma nyingi za pwani zinakaa vizuri humo. Tafuteni wimbo wa kazi au wa watoto unaojulikana kijijini, waombeni ruhusa wazee wanaoutunza, muuandike kwa solfa, na muuweke mahali pa trio. Nyimbo za unyago na jando ziacheni zilipo. Zina wenyewe na zina mahali pake.

Na siku moja baada ya shughuli, kabla shangwe haijapoa, fanyeni kazi ya mwisho ambayo bendi nyingi huisahau. Hesabuni ala, zioshwe, zifungiwe mahali pakavu. Kisha nenda darasa la nne ukachague watoto wanane. Wapiga ngoma wako wa darasa la saba wanaondoka, na bendi isiyo na wadogo wanaofundishwa na wakubwa huanza upya kila mwaka. Mpe kila mkubwa mdogo mmoja, amfundishe hatua kwanza: kushoto, kulia, na zile nane za kimya. Kazi yako kubwa kwa muda uliobaki wa muhula ni kuwasimamia.